Bibi wa Langoni na Elfu Mbili: Pesa ya Serikali ni ya Nani?

Bibi mmoja wa Langoni, hapa mjini Amu (Lamu), alinishika mkono nje ya duka la wakala. Alikuwa ametoka kupokea pesa zake za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee na wasiojiweza, na bado alikuwa akizifunga kwenye ncha ya leso. "Mwanangu," akaniuliza, "mkono huu wanipa elfu mbili, mkono huu waniambia nitoe za SHA. Ni serikali moja hii, au ni mbili?"

SHA ndiyo bima ya afya ya taifa. Sikuwa na jibu la kumpa pale pale. Nilienda nalo swali lake hadi Mkunguni, wanakoketi wazee mbele ya Ngome, nikalikuta limenitangulia kwa sura nyingine. Mmoja alikuwa akisema elfu mbili za wazee hutoka kwa mheshimiwa, na zikichelewa ni dalili kwamba mheshimiwa amewakasirikia. Mwingine alishikilia kwamba SHA ni Inua Jamii ya wagonjwa, kwa hivyo haifai kuchangiwa. Kijana mwenye duka la simu alitaka serikali ikae kando kabisa, biashara ijiendeshe. Mzee wa ubavuni mwake akamwuliza: serikali ina polisi na ina jeshi, yashindwaje kuamuru unga ushuke bei?

Kila mmoja alikuwa ameshika kipande cha ukweli. Ila tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya zamani, mambo kadhaa yasiyofanana yametiwa katika gunia moja lililoandikwa "pesa ya serikali". Gunia hilo nataka tulimwage hapa mkekani tuone kilichomo.

Mtele na pojo

Tuanze na chakula. Mseto kila mtu wa Pwani anaujua: mchele, au mtele kama tunavyosema Amu, umepikwa na pojo katika chungu kimoja. Ukitazama sahani unaona punje nyeupe na punje za kijani, lakini huwezi tena kuzitenga. Uchumi wa Kenya ni wa namna hiyo, na jina lake ni uchumi mseto, au uchumi mchanganyiko. Maana yake ni kwamba watu binafsi humiliki mali, hufanya biashara na kupatana bei, na serikali nayo imo ndani ya chungu: inatunga kanuni, inamiliki mashirika kadhaa, inakusanya kodi, na inawashika wale ambao soko likiachwa peke yake litawaangusha.

Chukua safari fupi ya kutoka Mokowe, upande wa bara, hadi Amu. Boti ni mali ya mtu. Nahodha anatafuta riziki yake, na boti zikiwa nyingi abiria wachache, nauli inalegea. Hilo ni soko. Lakini gati ulilokanyaga kabla ya kupanda limejengwa kwa pesa ya umma. Jaketi la kuokolea unalovaa (au unalolikalia, jambo linaloniuma kila ninapoliona) limewekwa na sheria. Petroli iliyo kwenye mashini ya boti ina bei ya juu kabisa inayotangazwa na mamlaka ya kawi, EPRA, kila tarehe 14 ya mwezi, na ndani ya bei hiyo mna kodi. Safari ya dakika chache, na serikali umekutana nayo mara nne kabla hujashuka.

Kwa nini gati lisijengwe na mwenye boti? Jibu liko kwenye mkondo wa Mkanda. Wasafiri wa Pate, Siyu, Faza na Kizingitini wanajua maana ya kungoja maji yajae ili chombo kipite pale. Tuseme mwenye chombo mmoja ana pesa za kuuchimbua mkondo. Atauchimbua? Akisha kuuchimbua, kila chombo kitapita, cha aliyechanga na cha asiyechanga, naye hana namna ya kuwatoza. Kwa hivyo kila mmoja atamngoja mwenzake aanze, na mchanga utabaki pale pale. Kuna mambo yanayomfaa kila mtu lakini hayamlipi mtu mmoja kuyafanya: mikondo, minara ya taa, chanjo, usalama. Kijana wa duka la simu anayetaka serikali ikae kando hajafikiria nani atakayemchimbulia Mkanda.

Serikali pia ni mwamuzi. Kesi ya mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi ilitufundisha jambo hilo hapa hapa kwetu. Kampuni binafsi ilitaka kujenga mtambo wa megawati 1,050, na mamlaka ya mazingira ikaupa leseni. Wananchi wakaenda kwenye Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira, na mwezi Juni 2019 leseni ikafutwa, sababu mojawapo ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Taasisi moja ya umma ilitoa leseni na nyingine ikaifuta. Bibi alipouliza kama serikali ni moja au ni mbili, hakuwa mbali na ukweli.

Na mara nyingine serikali ni mwenye duka. Kenya Power ni kampuni iliyo kwenye soko la hisa, unaweza kununua hisa zake wewe mwenyewe, lakini serikali inashika asilimia 50.1. Bandari ya Lamu inasimamiwa na Mamlaka ya Bandari, ambayo ni shirika la umma. Mseto.

Hakuna nchi yenye wali mtupu wala pojo tupu. Marekani, inayosifiwa kuwa ya soko huria, ina malipo ya uzeeni ya umma tangu 1935 na bima ya afya ya wazee tangu 1965. Uchina inatawaliwa na chama cha kikomunisti, na ina mabilionea wa biashara binafsi. Nchi hutofautiana kwa kipimo cha kila kimoja chunguni.

Kipimo cha Kenya kiliandikwa katika Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965. Jalada lake lilitaja Ujamaa wa Kiafrika, lakini ndani waraka uliruhusu mali ya mtu binafsi na mitaji ya nje, serikali ikipanga na kusimamia. Miaka miwili baadaye majirani zetu Tanzania walishika njia nyingine kwa Azimio la Arusha, mabenki yakataifishwa. Kuna wazo katika ule waraka wa Kenya ambalo kila mtu wa Amu anapaswa kulijua. Ulisema pesa za maendeleo ziwekwe pale zitakapoongeza mazao zaidi, yaani kwenye ardhi nzuri, mvua, njia za usafiri na umeme. Kwa hesabu ya mfanyabiashara, maneno hayo yana akili. Kwa mtu wa Kiunga au Kizingitini, maana yake ilikuwa moja: nyinyi subirini. Tulisubiri kwa zaidi ya miaka 40, na ninapoandika haya siandiki kama mtu aliyesahau.

Katiba ya 2010 ilikuja kurekebisha. Kifungu cha 203 kinataka angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa iende kwa kaunti. Kifungu cha 204 kinaanzisha Mfuko wa Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma, na Lamu ilikuwa miongoni mwa kaunti 14 za orodha ya kwanza. Na kifungu cha 43 kikaenda mbali zaidi: kila mtu ana haki ya afya, makazi, chakula, maji safi, elimu na hifadhi ya jamii, na serikali itamsaidia ifaavyo yule asiyeweza kujikimu yeye na wanaomtegemea. Neno lililoandikwa pale ni haki.

Zakat, mchango na wakfu

Sasa turudi kwa bibi na mikono yake miwili. Hapa Amu tuna bahati, kwa sababu kabla ya serikali yoyote ya kisasa sisi tulikuwa na njia zetu za kumshika mwenzetu, na kila njia ina kanuni yake. Hakuna anayezichanganya. Tukizitumia kama taa, mambo yatapambanuka. Sisemi kodi ni zakat. Zakat ni ibada, ina nisabu yake (kiwango cha mali kinachoilazimu) na makundi yake manane yaliyotajwa katika Sura ya Tawba, na kulipa kodi hakumwondolei mtu zakat yake. Nachukua tu namna pesa inavyotembea.

Inua Jamii inatembea kama zakat. Mwenye nacho anatoa kwa lazima, na asiye nacho anapokea kwa sababu hana. Anayepokea haulizwi alichangia nini, wala hadaiwi shukrani. Mpango huu ulianza 2004 kwa mayatima na watoto walio hatarini, baadaye ukaongezwa wazee, kisha watu wenye ulemavu mkubwa, na mwaka 2018 ukafunguliwa kwa kila mzee aliyetimiza miaka 70 asiyepokea pensheni. Kiwango ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Wengi waliofika miaka 70 baada ya usajili ule kufungwa walingoja muda mrefu, na ndiyo maana katika mtaa mmoja utamkuta mzee anayepokea na mwenzake wa rika lile lile hapokei. Wanaona ni upendeleo wa chifu, lakini mara nyingi ni tarehe ya usajili.

Pesa hizi zinatoka katika kodi, zinapitia Hazina ya Kitaifa, na zinasimamiwa na wizara ya leba na ulinzi wa jamii. Hakuna mahali katika njia hiyo ambapo mheshimiwa anatia mkono mfukoni mwake. Zikichelewa, kwa kawaida ni kwa sababu Hazina haijaziachilia. Nalisema hili kwa mkazo kwa kuwa nimewaona wazee wakiinuka na kumshukuru mtu jukwaani kwa haki yao wenyewe, na sikuweza kutazama.

SHA inatembea kama mfuko wa maziko. Mnachanga nyote, kila mmoja akiomba Mungu asiuhitaji. Anayefikwa ndiye anayetumia, na mwaka ukipita salama hurudishiwi kitu, maana mchango wako umemtibu mwingine. Hiyo ndiyo bima. Wengi wanaulinganisha na chama cha mzunguko cha kina mama, ambapo kila mmoja zamu yake itafika, na hapo ndipo wanapoona wameibiwa. Inayokaribia chama cha mzunguko ni NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni ulioanzishwa 1965: unachoweka, na anachokuwekea mwajiri wako, kinaandikwa kwa jina lako na unakipata uzeeni.

Lakini SHA ina fundo jingine ndani yake, na hili ndilo linalowachanganya watu zaidi, hata waliosoma. Ndani ya SHA mna mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa huduma za msingi, yaani dispensari na kituo cha afya, ngazi ya 2 na ya 3. Mfuko huo unajazwa na kodi. Ili kuutumia unatakiwa uwe umesajiliwa tu; hudaiwi mchango. Wa pili ndio bima yenyewe, ile inayolipa ukilazwa katika hospitali kubwa kama King Fahd, na huo unataka mchango wako uwe umelipwa. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu, nao pia unategemea kodi, na kwa magonjwa sugu unaingia pale kiwango cha bima kinapoisha. Kwa hivyo zakat na mfuko wa maziko vimekaa katika nyumba moja yenye jina moja. Nimemjua mama aliyekaa na mtoto mwenye homa siku mbili nyumbani akiamini atafukuzwa dispensari kwa kuwa hajalipa SHA. Alikuwa amesajiliwa. Hakuna aliyemwambia kwamba usajili wake ulitosha.

Kitu cha tatu kinatembea kama wakfu. Nyumba ya wakfu haiuzwi wala haigawanywi. Pesa ya pango lake inatunza msikiti au wasiojiweza, na msimamizi wake ana hesabu ya kutoa hapa na akhera. Shule za umma, dispensari zenyewe, magati, na ile bandari ambayo ujenzi wake ulizinduliwa tarehe 2 Machi 2012 na iliyopokea meli za kwanza mwezi Mei 2021, vyote viko hapo. Hakuna atakayekuletea nyumbani fungu lako la bandari. Unafaidika kwa kuitumia, kwa kazi inayozaliwa nayo, na kwa mapato yanayoingia kwenye mfuko wa pamoja. Kwa hiyo usidai mgao. Dai hesabu, kama unavyomdai msimamizi wa wakfu. Mwanao amepata kazi? Mapato yameenda wapi? Mkaguzi Mkuu wa Hesabu amesema nini?

Pembeni ya hizo tatu kuna jambo ambalo si msaada kabisa, nalo ni fidia. Bandari ilipochimbwa, wavuvi walipoteza maeneo yao ya kuvua. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.76, wavuvi wapatao 4,600. Nimesikia watu wa bara wakisema watu wa Lamu wanapewa pesa za bure. Aliyevunjiwa jahazi lake akalipwa jahazi hajapewa kitu. Fidia ni deni, na deni halipimwi kwa umaskini wa anayedai. Hata tajiri akivunjiwa analipwa.

Nani anayejaza chungu?

Kauli ninayoisikia kila mara, na inayotoka hata vinywani mwa maskini wenyewe, ni kwamba maskini halipi kodi, kwa hivyo hana haki ya kuuliza. Si kweli hata kidogo. Kodi ya mshahara kweli inawakuta walioajiriwa, na huku kwetu ni wachache. Lakini kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ni asilimia 16, nayo imejificha ndani ya bei. Kila shilingi 116 unazotoa kwa bidhaa inayotozwa kodi hiyo, 16 ni za serikali. Bibi akinunua sabuni amelipa. Akiweka salio kwenye simu amelipa ushuru. Mjukuu akimtumia pesa kutoka Mombasa, kwenye ada ya kutuma mna ushuru. Mkate wa kawaida umeachwa nje ya VAT, na mtakumbuka kelele zilizozuka mwaka 2024 ulipopendekezwa utozwe: pendekezo hilo likaondolewa, kisha mswada wote wa fedha ukakataliwa mwezi Juni.

Petroli nayo ina VAT, ina ushuru, na ina tozo ya matengenezo ya barabara, ambayo mwezi Julai 2024 ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Mvuvi wa mashini analipa tozo hiyo sawa na dereva wa lori la Nairobi. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Sasa tupige hesabu ya bibi, kwa maana swali lake lina uzito kuliko nilivyodhani. Mchango wa SHA ni asilimia 2.75 ya mapato. Aliyeajiriwa anakatwa kwenye mshahara. Asiyeajiriwa anaulizwa maswali kuhusu nyumba yake na maisha yake, mapato yake yanakadiriwa, na anatakiwa alipe ya mwaka mzima. Lakini kuna kiwango cha chini: hakuna kaya inayolipa chini ya shilingi 300 kwa mwezi.

Asilimia 2.75 ya shilingi 2,000 ni shilingi 55. Bibi anayetegemea Inua Jamii peke yake, asiyelipiwa na serikali, anadaiwa 300. Kwa mwaka anapokea 24,000 na anadaiwa 3,600, yaani asilimia 15 ya kila anachokipata. Mtu wa mshahara wa shilingi laki moja anatoa 2,750, asilimia 2.75 ile ile. Ukipiga hesabu, kila kaya yenye mapato chini ya shilingi 10,900 hivi kwa mwezi inatoa fungu kubwa zaidi la mapato yake kuliko tajiri. Mimi naliona hili kuwa kosa, na nalisema wazi, ingawa napenda wazo la bima ya wote na nataka lifaulu. Sheria yenyewe ya SHA ya 2023 inaiweka serikali iwalipie wasiojiweza. Anayepokea Inua Jamii ameshapimwa na serikali hiyo hiyo. Jina lake limo kwenye daftari la serikali. Sioni kwa nini daftari moja lisizungumze na jingine, ili mkono unaotoa ujue mkono wa pili unachukua nini.

Uvivu, bei, na amri ya unga

Wapo wanaosema pesa za bure zinaleta uvivu. Watazame wanaopokea: mzee wa miaka 75, yatima, mtu ambaye hawezi kuinuka bila mwangalizi. Ni yupi kati yao wanayetaka aende baharini kesho alfajiri? Na shilingi 2,000 kwa mwezi ni kama 66 kwa siku. Hakuna aliyeacha nyavu kwa shilingi 66.

Wengine wana hofu nzito kidogo, kwamba pesa zikimwagwa mtaani bei zitapanda na sisi tusiopokea tutaumia. Jambo hili limepimwa hapa Kenya, kule Siaya, katika vijiji zaidi ya 650. Shirika la GiveDirectly lilizipa kaya maskini kama dola 1,000 kila moja, na watafiti wakafuata pesa hizo zilikokwenda. Matokeo yalichapishwa 2022. Kila dola iliyoingia ilizunguka hadi kuongeza kama dola mbili na nusu katika uchumi wa pale, hata wasiopokea walinufaika kwa kuwa waliuza zaidi na kupata vibarua, na bei zilipanda kidogo sana, kama sehemu moja ya kumi ya asilimia moja. Zile zilikuwa pesa nyingi za mkupuo na za shirika, hazifanani kabisa na elfu mbili za bibi. Lakini mwenye duka la Langoni anajua bila utafiti: wiki ya Inua Jamii ndiyo wiki ya kuuza mchele na sukari.

Na yule mzee wa unga? Ombi lake lilijaribiwa. Sheria ya kudhibiti bei za bidhaa muhimu ipo tangu 2011. Mwezi Julai 2022 serikali ilitangaza pakiti ya kilo mbili iuzwe shilingi 100, huku yenyewe ikiwalipa wenye viwanda ile tofauti ya bei, wakati sokoni ilikuwa imepita 200. Kilichofuata tunakikumbuka: katika maduka mengi unga ulikosekana. Baada ya uchaguzi, mpango huo haukuendelea. Amri ya bei peke yake haileti hata punje moja ya mahindi sokoni. Mwenye mali akiona anauza kwa hasara, anaificha au anaipeleka kwingine. Na ukishusha bei kwa ruzuku, unampunguzia tajiri mwenye magunia matatu jikoni kuliko bibi mwenye kibaba kimoja. Ukimpa bibi pesa mkononi, unajua imemfikia nani, naye anachagua mwenyewe kama leo ni unga au ni dawa. Ndiyo maana mimi niko upande wa elfu mbili dhidi ya unga wa amri, na ningependa elfu mbili hiyo iongezwe, kwa maana imekaa pale pale miaka mingi huku kibaba kikipanda.

Nilirudi Langoni baada ya siku kadhaa. Bibi alikuwa ameketi barazani, na mwanawe, mvuvi, alikuwa akishona nyavu kwenye ngazi. Nikamwambia: serikali ni moja, bibi, lakini ina mifuko mingi. Elfu mbili ni haki yako, usimshukuru mtu. Ukiumwa, nenda dispensari kwa usajili wako, usiogope. Mia tatu ndiyo ya kugombewa, na pa kuigombea ni kwenye bajeti. Makadirio ya kaunti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na sheria inataka wananchi waitwe watoe maoni. Ya taifa husomwa mwezi Juni, na kabla yake kamati za Bunge hupokea maoni.

Mwanawe aliinua kichwa. "Ami, na zile za barabara kwenye petroli, nazo huulizwa huko huko?"

Nikamwambia hizo ni za taifa, lakini aulize kote kuwili. Bibi akataka kujua za barabara ni zipi. Nikamweleza: shilingi 25 kila lita.

"Wewe watia lita ngapi?" akamwuliza mwanawe.

"Ishirini kwa safari, mama."

Alinyamaza akihesabu kwa vidole, akitembeza kidole gumba kwenye pingili kama anayevuta tasbihi. "Mia tano kila safari," akasema. Akageuza uso upande wa bahari, ambako jahazi moja lilikuwa likishusha tanga. "Hebu chukua kalamu, uandike umekwenda safari ngapi tangu mwaka uanze."